UMEME WA KUBEBA: PIGA HESABU KABLA YA KWENDA DUKANI

Mvua zikiisha, watu wengi wa Kibondo, Kakonko na Kasulu hufunga mizigo. Wafuga nyuki huingia kwenye miyombo kurina asali, nao hukaa huko wiki mbili, tatu, hata mwezi. Wakulima wenye mashamba ya mbali huhamia kwenye vibanda vyao mpaka mavuno yaishe. Wafanyabiashara huzunguka na minada, leo hapa kesho kule, na wengine hufika mpaka masoko ya mpakani kama Mabamba na Muhange. Watu hawa wote wana shida moja. Usiku ukiingia wanataka mwanga. Simu ikizima wanataka kuichaji. Na redio nayo wanaitaka, maana porini bila redio siku ni ndefu.

Je, watapata wapi umeme?

Ni kweli kwamba umeme wa nguzo unazidi kusogea. Kwa miaka mingi miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 mkoa wetu ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, umepeleka nyaya vijijini. Kama nguzo imefika karibu na nyumba yako, omba umeme huo kwa matumizi ya nyumbani. Lakini nguzo haihami. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, na ndugu zetu wa Burundi kuhamishiwa Nduta, mwenye kipaneli cha jua aliweza kukitia kwenye mzigo wake. Nguzo ya umeme haitiwi kwenye mzigo.

Makala hii ni ya mtu anayehitaji umeme wa kwenda nao.

SWALI LINALOWAPONZA WATU

Mtu anauza gunia la maharage. Anakwenda mjini na fedha zake mfukoni. Anaingia dukani na kuuliza, "Sola bei gani?"

Swali hilo ndilo linalomponza. Mwenye duka atamwuzia sola aliyo nayo, siyo anayoihitaji. Akirudi nyumbani, wiki ya kwanza taa inawaka vizuri. Mwezi wa pili inafifia saa mbili usiku. Mwezi wa sita betri imekufa kabisa, naye anarudi kwenye kibatari huku akisema sola ni ulaghai. Pengine siyo ulaghai. Pengine hakupiga hesabu. Na gunia la maharage limekwisha kwenda.

Swali la kwanza siyo la kumwuliza mwenye duka. Ni la kujiuliza mwenyewe: mimi natumia umeme kiasi gani kwa siku?

Kabla ya kulijibu, tuziangalie kwanza njia nyingine, maana sola siyo njia pekee.

Iko tochi ya betri kavu. Kwa mtu anayelala nje usiku mmoja au miwili, tochi inatosha. Asijisumbue na mengine. Lakini betri kavu hazichaji simu, na kwa wiki tatu utanunua nyingi mno.

Iko jenereta ndogo ya petroli. Hii ina nguvu, inaweza hata kuendesha mashine ya kulehemu. Lakini hebu ona. Jenereta ndogo hula karibu nusu lita ya petroli kwa saa moja, hata kama inawasha balbu mbili tu. Ukiiwasha saa 4 kila usiku, kwa siku 21 ni lita 42. Nani atazibeba porini? Tena asali huvuta harufu upesi. Ndoo ya asali ikisafiri pamoja na dumu la petroli, mnunuzi ataonja petroli. Na bomba lenu la moshi lina moto ndani yake. Moto na petroli havikai kambi moja. Tena moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Jenereta ikiwashwa ndani ya kibanda, waliolala humo wanaweza wasiamke.

Iko pia njia ya kuchaji simu kwa pikipiki. Siku hizi bodaboda nyingi zina tundu la kuchajia. Njia hii ni nzuri wakati pikipiki inatembea. Injini ikizimwa, simu inainyonya betri ya pikipiki, na asubuhi utaisukuma.

Inabaki sola na betri yake. Hapa ndipo penye kazi.

SHAMBA, GHALA NA MLO

Umeme wa jua una sehemu tatu, na mkulima atazielewa upesi kuliko mtu wa mjini.

Paneli ni shamba. Inavuna mwanga wa jua mchana.

Betri ni ghala. Inaweka mavuno ili yaliwe usiku.

Taa, redio na simu ni walaji.

Sasa, mkulima mwenye akili hulima kwa kupima nini? Kwa kupima midomo iliyoko nyumbani. Akiwa na walaji kumi na shamba la watu wawili, njaa itaingia. Akiwa na shamba kubwa na ghala dogo, mavuno yataoza nje. Umeme ni hivyo hivyo. Anza na walaji, kisha ghala, mwisho shamba. Wengi wetu huanza na shamba, yaani paneli, kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani.

Chakula hiki tunakipimaje? Kwenye kila kifaa pameandikwa wati, au herufi W. Wati ni kasi ya kula. Zidisha wati kwa saa ambazo kifaa kitawaka, utapata wati-saa. Taa ya wati 3 ikiwaka kwa muda wa saa 4, imekula wati-saa 12. Hesabu ni hiyo tu, ya kuzidisha, ile ile tuliyojifunza darasani.

Tuchukue kambi ya warina asali wanne. Wana taa 2 za wati 3 kila moja, nazo huwaka saa 4 kila usiku. Hiyo ni 2 mara 3 mara 4, yaani 24. Wana redio ya wati 3, inayosema saa 5 kwa siku: 15. Wana vitochi vitatu, zile simu ndogo za vibonye. Simu ndogo ikijazwa hula kama wati-saa 5, kwa hiyo vitatu ni 15. Kijana mmoja ana simu ya kupangusa, nayo peke yake hula 20. Ndiyo, simu moja ya kijana inakula kuliko vitochi vitatu na redio haioni ndani. Jumla ni 74.

Lakini umeme hupotea njiani, kwenye waya na ndani ya betri, kama nafaka inavyomwagika ghalani. Ongeza robo. Robo ya 74 ni karibu 19, jumla inakuwa 93. Tuseme 100 kwa siku, ili hesabu iwe rahisi.

Linganisha na pasi ya umeme. Pasi ina wati 1,000. Ukipiga pasi nusu saa umekula 500. Hicho ni chakula cha kambi nzima kwa siku tano! Jagi la kuchemshia maji na hita ni hivyo hivyo. Kitu chochote cha kupasha moto ni mlafi. Mwuzaji akikuambia kwamba kisola cha kubeba kitapiga pasi, mwombe aipige mbele yako, shati zima.

GHALA: BETRI IPI?

Hapa tukae kidogo, maana fedha nyingi hupotea kwenye betri.

Betri nyingi za sola ni za volti 12. Ubavuni pameandikwa Ah. Zidisha volti kwa Ah, utapata wati-saa zilizomo. Betri ya volti 12 na Ah 40 ina 480.

Lakini si zote ni za kula. Betri za madini ya risasi, zile nzito tulizozizoea, hazipendi kumalizwa. Ukila zaidi ya nusu kila siku, zinakufa mapema. Kwa hiyo hiyo 480 ihesabu kuwa ni 240. Betri za lithiamu, zile zilizoandikwa LiFePO4, huvumilia zaidi. Unaweza kula sehemu 8 kwa 10 bila kuidhuru. Tena huweza kujazwa na kutumiwa mara elfu mbili au zaidi, wakati ya risasi ni mara mia kadhaa.

Warina asali wetu wanataka ghala la siku mbili, maana mawingu huja. Hiyo ni wati-saa 200. Kwa betri ya risasi watahitaji 400 ndani yake, yaani kama Ah 35 au 40, na uzito wake ni karibu kilo 12. Kwa betri ya lithiamu watahitaji 250, yaani Ah 20, na uzito wake ni kama kilo mbili na nusu.

Kilo kumi za tofauti! Nyumbani kilo kumi si kitu, betri inakaa pembeni tu. Lakini kwenye keria ya baiskeli, juu ya mlima, pamoja na unga, sufuria na ndoo tupu, kilo kumi ni nyingi. Wakati wa kurudi kilo kumi hizo zingekuwa asali. Lithiamu ni ghali zaidi siku ya kununua, hatukatai. Kwa maoni yetu, mtu anayekaa nyumbani anaweza kuridhika na betri ya risasi. Mtu anayehama hama, au kikundi kinachoweza kuchanga, heri angojee mavuno mengine anunue ya lithiamu.

Vipi kuhusu betri ya gari? Wengi huitumia kwa sababu inapatikana. Betri ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha injini iijaze tena palepale. Haikutengenezwa kuliwa polepole usiku kucha. Ukiifanya hivyo itakufa katika miezi michache. Tena ile yenye maji ndani ina asidi. Ikilala njiani, asidi inamwagika na kuunguza ngozi, nguo na mzigo. Usisafiri nayo.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri kwa magari ambayo ni nyumba. Ndani mna kitanda, jiko na friji. Wanapoegesha porini wanapiga hesabu hii hii, na katika magari yao betri ya kuwasha injini na betri ya taa huwa ni mbili mbalimbali, ili wakikesha na taa asubuhi gari liwake. Wao wana paa la kuwekea paneli na injini ya kujaza betri wakiwa njiani. Mrina asali ana mgongo wake. Basi hesabu yake yafaa iwe kali kuliko yao.

SHAMBA: PANELI YA UKUBWA GANI?

Paneli ya wati 50 haitoi 50 mchana kutwa. Asubuhi na jioni jua ni dhaifu. Kwa nchi yetu hii ya milima, kiangazi hesabu saa 5 za jua kali, tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Masika, mawingu yakitanda, hesabu saa 3. Tena kwa sababu ya joto, vumbi na waya, paneli hutoa kama sehemu 7 kwa 10 za kile kilichoandikwa.

Paneli ya wati 50, kiangazi: 50 mara 5 ni 250, na sehemu 7 kwa 10 ni 175. Masika: 50 mara 3 ni 150, na sehemu 7 kwa 10 ni 105.

Kambi yetu inahitaji 100. Kwa hiyo paneli ya wati 50 inawatosha hata mawingu yakiwa mengi. Wakienda kiangazi tu, hata ya wati 30 ingefaa, maana 30 mara 5 ni 150, na sehemu 7 kwa 10 ni 105. Unaona? Kujua ni majira gani utasafiri kunaweza kukupunguzia mzigo na gharama.

Sasa tuwaangalie watu wengine wawili, maana si wote wanaofanana na warina asali.

Mama mmoja anachaji simu za watu mnadani, mara moja kwa wiki. Siku hiyo anajaza vitochi 40 na simu kubwa 10. Hiyo ni 200 na 200, jumla 400. Ongeza robo, 500. Akitaka kuvuna 500 kwa siku moja ya mnada, anahitaji paneli ya wati 150, kioo kikubwa cha kupakiwa garini, na kikivunjika ni hasara. Lakini kwa nini avune siku hiyo? Ana siku sita za kukaa nyumbani. Paneli ya wati 50 juu ya paa lake inavuna 175 kwa siku kiangazi. Siku tatu tu, ghala limejaa. Hata masika, kwa 105 kila siku, siku tano zinatosha. Siku ya mnada anachomoa betri, anaibeba peke yake, paneli inabaki nyumbani. Anahitaji betri ya lithiamu ya Ah 50, kama kilo sita hivi. Mama huyu anahitaji shamba dogo na ghala kubwa.

Kinyozi ni kinyume chake. Yeye anafanya kazi kila siku, mchana, jua likiwaka. Mashine yake ya kunyolea ya wati 15 inakula paneli inapovuna, kama mtu anayekula mahindi shambani. Anahitaji paneli ya kutosha, kama wati 60, na betri ndogo tu ya kumvusha wingu linapopita. Kinyozi akinunua betri ya yule mama, fedha zake zitalala bure.

INVETA, MLAJI ALIYEJIFICHA

Wengi wakinunua betri hununua na inveta, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa volti 12 uwe wa volti 230 kama wa nguzo. Inafaa kwa televisheni au mashine isiyo na njia nyingine. Lakini inveta yenyewe inakula. Hata ukiwa hujachomeka kitu, ikiwa imewashwa tu, inaweza kula wati 8. Kwa saa 24 ni wati-saa 192. Hiyo ni karibu mara mbili ya mlo wa kambi nzima ya warina asali!

Ndiyo maana mtu anasema, "Betri yangu inaisha na sikuwasha kitu." Aliwasha inveta.

Kwa kambini nunua balbu za volti 12, redio ya volti 12 na kichwa cha kuchajia simu cha volti 12. Vyote vipo madukani. Inveta iache.

Kitu ambacho usikiache ni chaji kontrola. Huyu ni mlinzi wa ghala. Anazuia betri isijazwe kupita kiasi, na anakata umeme betri ikikaribia kuisha. Ukinunua betri ya lithiamu hakikisha kontrola yako inaikubali, kwa maana lithiamu na risasi hazilishwi sawasawa. Ukiunga, unga betri kwanza, halafu paneli. Ukifungua, toa paneli kwanza. Karibu na betri tia fyuzi. Nyaya zikigusana bila fyuzi zitawaka, na kibanda cha nyasi hakina muda wa kungoja maji.

DUKANI CHUKUA RULA

Sasa umejua unachotaka. Unaingia dukani na karatasi yako imeandikwa: paneli wati 50, betri ya lithiamu Ah 20, kontrola, balbu mbili. Mwuzaji atakuona wewe si mtu wa kuchezewa. Lakini bidhaa za uongo zipo. Paneli inaweza kuandikwa wati 60 na isifike 25. Utajuaje?

Pima kwa rula. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa wati 200 hivi kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo fanya hivi: pima urefu na upana kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 50. Jibu ni wati ambazo paneli ya ukubwa huo inaweza kutoa. Tuseme urefu ni sentimita 40 na upana 30. 40 mara 30 ni 1,200. Gawanya kwa 50, unapata 24. Kama pameandikwa 22 au 25, sawa. Kama pameandikwa 60, karatasi hiyo inasema uongo, hata ikiwa imebandikwa vizuri namna gani.

Betri ya risasi ipime kwa mzani. Kilo moja huchukua kama Ah 3. Betri ya Ah 100 yafaa iwe na kilo 28 au 30. Ikiwa na kilo 15, ndani mna hewa.

Fundi redio akiwa na mita, mwombe mfuatane. Paneli ya volti 12 ikielekezwa juani bila kuunganishwa na kitu, mita yafaa isome volti 20 au zaidi kidogo. Omba stakabadhi yenye jina la duka na tarehe, na dhamana iandikwe, siyo kusemwa kwa mdomo. Tazama kama ina alama ya TBS.

Kuna makampuni yanayokopesha sola, unalipa kidogo kidogo kwa simu. Jambo hili limewasaidia wengi. Ila piga hesabu ya jumla. Tuseme ni shilingi 1,000 kwa siku kwa miaka miwili: 1,000 mara 730 ni shilingi 730,000. Linganisha na bei ya fedha taslimu, halafu amua. Na kwa msafiri kuna jambo moja zaidi. Mitambo hiyo hujifunga siku ulizolipia zikiisha. Ukiwa porini kusiko na mtandao, huwezi kulipa, na taa itagoma hata kama jua limewaka kutwa. Kabla ya kuondoka lipia siku zote utakazokuwa mbali.

KAMBINI

Watu wa kambini hupenda kivuli, paneli haipendi. Kivuli cha tawi moja kikifunika pembe ya paneli, hupotei na pembe hiyo tu. Sehemu kubwa ya umeme hukwama, kama mpira wa maji uliokanyagwa mahali pamoja. Iweke mahali peupe, mbali na mti, na betri ikae kivulini. Waya wa kuunganisha uwe mnene, wa milimita 2.5 kama ule wa soketi za nyumba, maana kwenye waya mwembamba mrefu umeme wa volti 12 huisha njiani.

Kwetu huku karibu na Ikweta jua hupita karibu na utosi. Kwa hiyo paneli ilazwe, iinuliwe upande mmoja kidogo tu ili mvua itiririke na vumbi. Ifute kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Usiipande kwa mguu, wala usiitumie kuanikia nguo. Yametokea.

Betri ikifa, usiipasue. Mafundi wengine huipasua ili wapate risasi ya kuyeyusha, na watoto husimama kando wakitazama. Risasi ni sumu. Inaingia mwilini kwa vumbi na moshi, inaharibu ubongo wa mtoto, naye hapati tena akili iliyopotea. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwapa wakazi haki yao. Fedha hizo haziwezi kuitoa risasi iliyomo mifupani. Betri mbovu irudishe kwa mwuza betri, wengi huzinunua kwa kilo.

Msimu ukiisha na mizinga ikabaki porini, betri nayo inarudi nyumbani. Ya risasi usiiache tupu, ijaze, na kila mwezi iunge tena kwenye paneli siku nzima. Ya lithiamu ipumzishe ikiwa imejaa nusu, waya zimetolewa, mahali pakavu pasipo na joto, juu ya rafu ambayo watoto hawaifikii.